Karate ya Bi Mwanasiti

Tulikuwa abiria watatu kwenye tuktuk ya kutoka Mwabungo kwenda Ukunda. Bi Mwanasiti, mama mwenye buibui, alikuwa amepakata sare nyeupe ya karate. Mzee Thoya, aliyekata miwa Ramisi ujana wake wote, alimuuliza kama ni ya mjukuu.

"Ni yangu, mzee wangu. Nilianza mwaka jana, nina miaka hamsini na minne."

"Umri huo ni wa kupumzika, mama, si wa kurusha mateke."

"Nilipumzika. Magoti yakakaza, nikawa nasali juu ya kiti mwaka mzima. Ramadhani hii nimesujudu chini na nikainuka mwenyewe. Nililia pale pale juu ya mswala."

Mzee akasema kutembea kungetosha. Bi Mwanasiti akasema alijaribu, lakini njiani hakuna anayemngoja, darasani wanamngoja. Mimi, mwenye miaka thelathini na kitambi, nilitazama nje.

Tuktuk ilisimama Ukunda mzee akiwa bado anapinga, ila sasa alikuwa anauliza kama mwalimu humruhusu mtu kuanza akiwa ameketi.