Mfalme wa Benchi la Mayfair

Mchana ule Naseeb, muuza kahawa wa kijiweni, aliiunguza kahawa yake, na mwenyewe alijua kwa nini. Fauzia, mama aliyenunua duka hapo Mayfair, alitaka benchi la wanywa kahawa liondoke barazani kwake. Bila benchi wateja wangehama, na Naseeb angebaki kutazamana na birika lake. Fauzia alikubali jambo moja: kabla ya alasiri angemsikiliza msemaji wa kijiwe, mmoja tu. Naseeb akawapasha walioketi benchini. Hawa wateja wake, ukiwaambia wachague mtu, wanakwenda kwanza kuchagua serikali ya Ufaransa.

Bakiri, mzee wa Tanga waliyemwita Sultani, alianza.

— Msemaji mimi. Miaka yote nakaa upande wa ukuta, mahali pa mkubwa. Uchaguzi wa nini?

Pitchou, fundi cherehani wa Lubumbashi, jina la kijiweni Profesa, akaruka.

— Non, Sultani! Mwaka 1871, kule Ufaransa, vita na Wajerumani imewamaliza. Batu balipiga kura ya bunge. Ba mfalme, bale banataka mfalme arudi, balipata viti mingi kupita ba jamhuri.

Bakiri: — Si ndiyo hayo! Watu wanajua raha ya mfalme.

Pitchou: — Balitaka amani tu, vita iishe. Kisha ba mfalme bakagawanyika, koo mbili, kila moja na mtu wake. Na ule bakamukubali, akakataa kiti! Ati bendera ya rangi tatu hapana, anataka nyeupe.

Karimu, mlinzi wa geti aliyeitwa Robot, yaani taa za barabarani, kwa kusimamisha kila gari, akashika kichwa.

— Eish! Anaacha nchi kwa kitambaa?

Bakiri: — Nyeupe ilishashonwa, bwana. Mafundi tunawajua. Ukibadili rangi, anakwambia rudi Ijumaa.

Karimu: — Mi nasema aliyekataa ni mkewe, mfuaji. Rangi tatu zingechujiana kwenye beseni. Na sabuni yote ilishachukuliwa na Wajerumani!

Naseeb: — Jamani, alasiri hiyo! Chagueni mtu, nawaombeni.

Pitchou: — Sharp, sawa. Kama bungeni. Ba jamhuri, simameni!

Akasimama, na Karimu naye.

Pitchou: — Kura mbili! Nimeshinda.

Karimu: — Umeshinda nini? Mi mgombea binafsi.

Bakiri naye akainuka, fimbo juu, akidai kura zihesabiwe upya.

Ndipo Fauzia akatoka dukani na vijana wawili wa kubeba mizigo. Akawatazama walivyosimama, akalitazama benchi.

— Samahanini. Hili kuna anayelikalia?

Naseeb akamtazama Sultani. Sultani akamtazama Profesa. Nani ajibu, na msemaji hajapatikana?

Vijana wakalinyanyua, wakatoka nalo barazani.

— Mmeona? akasema Bakiri. Ndiyo maana nikasema mfalme.

— Non, ni bendera! akajibu Pitchou.

Naseeb akabeba birika na vikombe vyake, akalifuata benchi.