Pengo la Juzuu ya Pili

Benchi la nje ya kibanda cha Fundi Saa lina mguu mmoja ulioegemezwa tofali, kwa hiyo anayekaa mwisho hukaa kwa adabu. Jioni hiyo mwisho alikaa Nukta, mhadhiri mstaafu aliyebandikwa jina hilo kwa sababu akishasema, amesema. Tangu afiwe na mkewe alikuwa akija kunywa kikombe kimoja cha kahawa na kuondoka. Leo Shangazi, mwenye birika, alikuwa amekwisha kumjazia mara ya tatu, na yeye bado ameshika kitabu kwa mikono miwili, kama mtu aliyepakatishwa mtoto asiyemjua.

— Kimeingia ndani ya nyumba, alisema. Na mlango nilifunga mwenyewe.

— Wamekuibia nini, kaka? Bima aliruka. Aliwahi kuuza bima, na mpaka leo haoni paa asione moto.

— Hakuna kilichoibwa. Kimeongezeka hiki.

Fundi Saa aliitoa lenzi jichoni.

Wote walizijua rafu za marehemu. Alikusanya riwaya za kihistoria, za vita vya kale na falme zilizokwisha, tena si nakala yoyote tu: sharti iwe ya chapa ya kwanza, na iwe na sahihi ya mwandishi kwa mkono wake. Ya chapa ya pili, hata ingesainiwa na malaika, angempa jirani. Riwaya moja ilikuwa ya juzuu tatu, na ya pili aliitafuta mpaka anaingia kaburini. Mahali pake aliweka kibao kilichokatwa kwa kipimo cha kitabu, ili ya kwanza na ya tatu zisiegemeane. Siku ya msiba Fundi Saa na Bima ndio waliozitoa rafu nje, watu wapate pa kukaa, na ndio waliozirudisha.

— Leo natoka sokoni, Nukta alisema, nakuta kibao kiko mezani. Kitabu kiko kwenye pengo.

— Chapa ya kwanza? Fundi Saa aliuliza.

— Ya kwanza.

— Na sahihi?

— Ipo.

Hapo aliweka nukta. Hakuwaambia kwamba juu ya sahihi mwandishi alikuwa ameandika kitabu ni cha nani, na hakutumia jina la marehemu. Alitumia lile ambalo Nukta alimwita mkewe chumbani, taa ikishazimwa, ambalo hata mama mkwe hakuwahi kulisikia. Tarehe ilikuwa ya zamani, mke akiwa mzima wa afya.

— Ni mwenyewe, Fundi Saa alinong'ona. Shemeji karudi kumalizia kazi. Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo.

— Hiyo inasema kinyume chako, Nukta alisema.

— Ndiyo maana karudi! Kakataa!

— Acha kumtisha mwenzio, Bima alisema. Hao ni wezi wa siku hizi.

— Mwizi anayeleta? Nukta aliuliza.

— Anakupima! Leo kimoja, kesho viwili, haba na haba hujaza kibaba. Siku moja unarudi, vitabu vimefika mlangoni, huna pa kupita. Nyumba imekwenda hivyo, na polisi utawaambia nini? Kwamba umezidishiwa?

Shangazi aliinua birika, akalishusha bila kumimina.

— Huyo mwandishi yu hai?

— Alifariki mwaka juzi.

— Basi wamekutana huko. Ndege wafananao huruka pamoja.

— Au ni wale wa ndani ya kitabu, Fundi Saa alisema. Si ulituambia juzuu ya pili ndiyo yenye vita? Jeshi zima, miaka yote hiyo halina pa kulala. Limeona pengo.

Siku nyingine wangecheka mpaka benchi lipinduke. Bima alijisogeza mbali na kitabu, akapandisha miguu.

— Kichome, kaka.

— Sichomi.

— Kirudishe, basi.

— Kwa nani?

Pembeni alikuwa amesimama dada mmoja, mgeni mtaani, akingoja saa yake ibadilishwe betri.

— Samahani, baba, alisema. Na ufunguo wa marehemu, anao nani?

Nukta alianza kuhesabu vitu vya marehemu. Nguo alizigawa kwa mashemeji. Miwani aliiweka mwenyewe kwenye kabati. Ufunguo hakuwa ameuona tangu siku ile nyumba ilipojaa watu, wala hakuwa ameuulizia. Mchana kutwa alikuwa ameuogopa mzimu, sasa aliutamani: mzimu peke yake ndio uliokuwa na haki ya kulijua lile jina la chumbani.

Alimtazama Fundi Saa. Akamtazama Bima. Shangazi aliinamisha birika, lisitoe hata tone, na hakuna aliyelalamika. Mikono ya wanaume hao wawili ilikuwa mapajani, imetulia kupita kiasi, na hakuna aliyethubutu kuutia wake mfukoni, hata kwa kulipia kahawa.