Fundi Kisigino Alikuwa Njiani Kuja Kwangu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuteni viti. Kipindi hiki nimekiendesha miaka tisa, na humu nimewakumbuka watu wengi ambao sikuwahi kuonana nao. Huyu wa leo nilimjua. Tena huyu alikufa akija kwangu. Kwa hiyo mnivumilie.

Tulimwita Fundi Kisigino. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi, akiwa ameketi kwenye benchi la kituo cha mabasi na mkoba mapajani. Watu walidhani amesinzia. Basi lake likaja, likapakia, likaondoka. Daktari alisema ni moyo. Ndani ya mkoba mlikuwa na bisibisi mbili, utepe mpya, na karatasi yenye mchoro wa mguu wangu. Narudia ili tusipoteane: mchoro wa mguu wangu. Alikuwa anakuja kunirekebishia buti ambazo nilikataa kumpelekea.

Kazi yake ilikuwa buti za slalomu. Kwa msioujua mchezo huu, mtu anasimama juu ya ubao mmoja, anavutwa na boti kwa kamba, anakata maji kulia na kushoto kuyazunguka maboya sita. Miguu yote miwili imo ndani ya buti, mmoja mbele, mmoja nyuma, na buti zimeshikizwa kwenye ubao. Zikilegea, unalikosa boya. Zikibana kupita kiasi, unaanguka na ubao haukuachii. Yule mzee aliishi hapo katikati, miaka thelathini.

Alianza kama fundi viatu tu, wa soli na visigino, na jina lilitoka huko. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya gereji ya boti, kando ya ziwa. Ukinyoosha mikono miwili umegusa kuta zote. Siku moja mtu alimletea buti linalomchuna kifundo cha mguu. Fundi akalipasha moto kwa mashine ya kukaushia nywele ya mke wake, akalitanua kwa kitasa cha mlango, likakaa sawa. Mkewe anaikumbuka siku hiyo.

"Mashine yangu iliungua palepale," aliniambia. "Nikamwuliza, mume wangu, sasa nywele utanikausha kwa kupuliza?"

Habari zikasambaa. Ukienda kwake, kwanza alikuvua viatu, akakusimamisha juu ya karatasi, akauzungushia mguu penseli. Michoro hiyo aliitundika ukutani, mingi, hadi darini. Nyuso alizisahau. Mimi alinisalimia kama mgeni mara tatu mfululizo. Nilipovua soksi ndipo akacheka. "Ahaa, Bwana Sauti! Hilo dole gumba bado limenuna?"

Hakuna buti lililotoka pale bila kupita kwenye benchi. Alikulaza chali, buti miguuni na ubao wake, akaushika ubao na kuusokota kwa nguvu zake zote mpaka uachie. Na buti zilipaswa kuachia pamoja. Zote mbili, au hata moja isiachie. "Mguu mmoja ukitoka na mwingine ukabaki," alikuwa akisema, "ubao unageuka spana, na nati ni wewe." Tulicheka kila alipolisema. Sasa silicheki tena.

Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo palipoharibika.

Chini ya kila buti lilikuwepo bamba la alumini, na bamba lilishikwa kwenye ubao na utepe wa meno, ule unaolia kraa ukiubandua. Mwaka juzi utepe huo uliadimika, miezi mitatu mizima. Ule kidogo alioupata, fundi aliuweka chini ya buti la mbele, akiamini mguu wa mbele ndio unaobeba kazi. Chini ya buti la nyuma aliacha utepe wa zamani, akausugua kwa mswaki ukawa safi. Akapima kwenye benchi. Zikaachia pamoja. Akaridhika.

Lakini alipima zikiwa kavu. Utepe mpya ukilowa unang'ang'ania vilevile. Utepe mzee ukilowa, mchanga kidogo ukaingia kwenye meno yake, unalegea. Kwenye benchi mambo yalikuwa sawa. Ziwani hayakuwa sawa. Fundi wa miaka thelathini alipima pakavu kitu cha kutumika majini, na hakuna aliyemwambia, maana hakuna aliyejua kumzidi.

Jozi ya kwanza ya miezi ile ilikuwa ya binti yake mwenyewe.

Binti alikuwa na miaka ishirini na minne, na alikuwa mkali kutushinda wote pale ziwani. Alikuwa anajiandaa kwa mashindano. Alianguka kwenye boya la nne. Amenipa ruhusa niyasome maneno yake kama alivyoyasema: "Nilisikia mguu wa nyuma umetoka. Nikasubiri wa mbele. Haukutoka. Ubao ukazunguka, na mguu wangu umo."

Mguu ulivunjika mahali pawili. Kidonda kikaoza. Siku ya kumi na tisa madaktari waliukata chini ya goti.

"Baba hakulia," binti anasema. "Alikuja wodini na ule ubao kwapani. Akaweka beseni la maji sakafuni, akazilowesha tepe, akaanza kubandua. Buti la nyuma lilitoka kwa vidole viwili. La mbele alilivuta kwa mikono yote mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Nesi alimfokea kwa kumwaga maji wodini. Akasema, 'Nisamehe, mama.' Lakini baba hakuwa anamwangalia nesi. Alikuwa ananiangalia mimi."

Kuanzia hapo hakuwa yule tuliyemjua. Alirudi kibandani, akaketi mbele ya ukuta, akaanza kushusha michoro ya wote waliochukua buti katika miezi ile mitatu. Ukiacha ya binti, zilikuwa jozi kumi na moja. Watu kumi na mmoja walikuwa wanateleza juu ya kosa lake, na hawajui.

Aliwatafuta mmoja mmoja. Mmoja alikuwa amehamia mji wa mbali, akamfuata kwa mabasi mawili. Mwingine buti alikuwa amempa shemeji yake, na shemeji amempa jirani. Mmoja alimtukana mlangoni, akamwita mzembe na mkata watoto miguu. Fundi alisubiri amalize, kisha akasema, "Ni kweli. Sasa nipe hizo buti." Kila alipofika alitupa yale mabamba mawili, akazifunga buti zote juu ya bamba moja refu, ili zikitoka zitoke pamoja. Akazilowesha. Akapima. Akaondoka bila hata kunywa maji.

Aliwapata kumi. Wa kumi na moja nilikuwa mimi.

Wasikilizaji wapendwa, sikuwa nimefichwa. Alinipigia simu mapema kabisa. "Bwana Sauti, lete buti." Nikasema wiki ijayo. Wiki ikazaa mwezi, mwezi ukazaa mwaka. Ukweli ni kwamba zile buti nilizipenda. Nikiwa nazo ndipo nilipoyazunguka maboya yote sita kwa mara ya kwanza maishani, na kitambi changu hiki. Niliogopa akizigusa ataziharibu.

"Zinafanya kazi vizuri, mzee," nilimwambia.

"Hata za binti yangu zilifanya kazi vizuri," akanijibu. "Mpaka siku ile."

Nikakata simu. Baada ya hapo nikaacha kupokea. Na si hilo tu. Niliwaambia wenzangu ziwani kwamba mzee wa watu amechanganyikiwa, msiba wa binti umempanda kichwani. Nilisema hivyo huku nacheka. Wiki yake ya mwisho alinipigia mara nne. Nililiona jina lake mara zote nne. Simu ilikuwa mkononi, nikaigeuza kifudifudi mezani.

Mkewe aliniambia habari za Jumanne. "Alivaa shati lake la kutokea. Kifua kilikuwa kinambana tangu Jumapili. Nikamwuliza, unakwenda wapi katika hali hiyo? Akasema, kwa yule wa redio. Yule ni wa kusema, si wa kusikia, lazima nimfuate. Nikamwambia ngoja kwanza upone. Akasema, mpaka mimi nipone, yeye atakuwa hana mguu."

Tulimzika Alhamisi. Ijumaa asubuhi nilizichukua buti zangu na ubao wake, nikaenda kibandani. Binti alikuwa ameketi kwenye kigoda cha baba yake, gongo limeegemea ukuta. Hakunisalimia, nami sikutegemea salamu. Alijaza beseni, akazilowesha tepe, akatia mchanga kidogo. Buti la nyuma lilitoka kwa vidole viwili. Akalishika la mbele. Akavuta. Nikavuta mimi. Tukavuta wote. Mwishowe akanipa patasi, nikaubandua utepe vipande vipande.

"Mara ya mwisho umezitumia lini?"

"Jumapili."

"Ulianguka?"

"Hapana. Nilichoka, nikaachia kamba, nikazama taratibu."

Aliliweka buti mezani. "Kwa hiyo ni kuchoka tu kulikokuokoa," akasema. "Sasa umeamini?"

"Nimeamini."

"Ungemwambia yeye."

Akachukua bisibisi, akaendelea na kazi. Alizifunga buti zangu kwenye bamba moja, akaniambia nilale chali kwenye benchi. Nililala. Aliusokota ubao akiwa amesimama kwa mguu mmoja, nyonga imeegemea meza. Zikaachia pamoja. Mimi nikabaki nimelala pale nikilia kama mtoto, na yeye akaniacha nilie.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia la mkuu. Nilimdharau, nikamsema vibaya, nikamgeuzia simu. Miguu yangu yote miwili ni mizima. Binti yake alimsikia tangu anatambaa, neno kwa neno, na mguu wake haupo. Nimeitafuta haki humo ndani siku nane sasa, sijaiona.

Wasikilizaji wapendwa, sina mawaidha marefu. Mwenye buti zilizokaa kwenye mabamba mawili asizipime kavu. Zipelekeni kibandani, binti yupo kuanzia saa mbili asubuhi. Na ninyi msioteleza popote, wapo watu wanaotupigia simu tukawaona wasumbufu. Baadhi yao wanasumbua kwa sababu wanajua jambo tusilolijua. Pokeeni kwanza. Kubisha mtabisha baadaye.

Kwa mjane wa Fundi Kisigino, pole sana, mama. Siku ya mazishi ulinipa kiti mstari wa mbele, na ulikuwa unajua kila kitu. Sijui ulipata wapi moyo huo. Mungu amlaze mzee mahali pema.

Na kwako binti. Juzi uliniuliza kama haya nitayasema hewani au nitayapamba. Nimeyasema. Asante kwa miguu yangu. Pole kwa wako.