Fundi Pipa na Nguzo Zilizokatwa Chini

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tuketi pamoja. Leo sauti yangu iko chini kidogo, mtanivumilia. Tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu mmeegemea kazi yake bila kumjua. Alikuwa fundi wa nguzo za uzio. Watu walimwita Fundi Pipa, naye aliliitikia jina hilo kwa furaha zaidi kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Fundi Pipa ametutoka wiki iliyopita. Ameacha mke, na mwana mmoja ambaye ni dereva wa lori.

Kazi yake ilikuwa hii. Alichukua miti mibichi, akaibandua magome, akaianika mpaka ikakauka. Kisha aliisimamisha ndani ya pipa la dawa ya mchwa, akawasha moto chini yake. Moto ukizimwa, mti huinywa dawa taratibu unapopoa. Wateja wenye pupa walitaka kuitoa miti ingali ya moto. "Kaa chini, bwana," aliwaambia. "Mti bado unakunywa. Hata wewe ukinyang'anywa chai mdomoni si utanuna?"

Mkewe anacheka huku machozi yakimtoka akikumbuka harufu ya dawa ile. "Nguo zake nilizifua kando, mara mbili, na bado shuka zilinuka pipa. Nikamwambia, mume wangu, mchwa wote wa dunia wamekukimbia, nimebaki mimi tu."

Na fundi alikuwa na sharti moja. Nguzo ikishanyweshwa dawa, usiikate chini. Ikiwa ndefu, kata juu. Sikilizeni vizuri hapo, maana ndipo msiba ulipoingilia. Dawa haifiki kwenye moyo wa mti. Hukaa pembeni, kama ganda. Ukikata chini umewafungulia mchwa mlango, na mlango wenyewe umeufukia udongoni usiuone.

Miaka ikaenda. Fundi akaanza kusahau. Kwanza alisahau nyundo. Kisha akasahau njia ya kurudi nyumbani. Mwisho akawa anamwita mkewe shangazi, na anaulizia chakula cha mama yake, marehemu wa siku nyingi. Siku moja alikutwa katikati ya barabara kuu, magari yanampigia honi, yeye amesimama tu.

Mkewe akampigia mwana simu. "Njoo tuzungushe uzio. Baba yako atatufia barabarani."

Mwana akaomba ruhusa kazini, akaja. Nguzo zilikuwapo, zile za mwisho alizotengeneza fundi mwenyewe. Lakini ardhi ilikuwa ya mawe na mashimo yakawa membamba. Miguu minene ya nguzo ikagoma kuingia. Mwana huyu alikulia kwenye usukani, pipa hakulipenda tangu utoto. Akachukua msumeno, akazikata nguzo upande ule mnene. Alizikata chini.

Fundi alikuwa amekaa barazani. Akainuka. "Mmekata chini. Zitaoza hizo."

"Sawa, baba," mwana akamjibu kwa upole. "Tutarekebisha."

Kesho yake akasema tena. Na kesho kutwa. Kila asubuhi alizunguka uzio, akigonga kila nguzo kwa kiganja, akarudi na neno lilelile: mmekata chini. Na kila asubuhi mkewe alimwambia, "Ndiyo, baba. Njoo unywe chai." Sharti lile alikuwa amelisikia tangu siku za uchumba. Lakini alipoutazama uzio ule aliona jambo moja tu, kwamba mumewe hafiki barabarani. Na mtu anayekuita shangazi, wasikilizaji wapendwa, kweli yake utaanza kuitafutia wapi?

Mvua zikanyesha, zikakatika, zikanyesha tena. Asubuhi moja, mkewe akifua nyuma ya nyumba, fundi alichukua jembe akaenda kwenye nguzo iliyo karibu na lango. Hakuwa anatoroka. Alikuwa anaifukua aigeuze, upande uliokatwa uje juu. Akaishika ajishikize, nayo ikakatika usawa wa ardhi. Ndani ilikuwa unga mtupu. Akaanguka nayo kwenye mtaro wa kando ya lango, akavunjika nyonga.

Hospitalini mkewe alimshika mkono. Haya ni maneno yake mwenyewe: "Nilimwambia, mume wangu, ulisema kweli. Nguzo zilikatwa chini. Ulituambia kila siku, nasi tukakubembeleza kama mtoto. Nisamehe. Akanitazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni. Akaniuliza, 'Kwani nilisema nini?'"

Alifariki jioni ile. Mama anasema swali lile linamuuma kuliko mauti yenyewe. Aliomba radhi, lakini mwenye kuitoa alikuwa ametangulia kuondoka, mwili ukabaki nyuma.

Mama yetu, nawe dereva wetu, poleni sana. Mliujenga uzio ule kwa mapenzi, na sisi sote hapa studio tunalijua hilo. Mungu amlaze fundi mahali pema.

Nasi tuliobaki tujiulize. Huenda nyumbani kwako yupo anayesahau. Amekuchosha, amekuita kwa jina la mtu mwingine tangu asubuhi. Leo akikuambia kuna kitu kimeharibika, usimjibu "ndiyo, baba". Weka kikombe chini. Nenda ukaangalie.