Makasha Matatu ya Kioo

Ubavuni mwa saluni ya kinyozi, hatua chache kutoka stendi ya Kilwa Masoko, lipo benchi lenye miguu mitatu na tofali moja. Wenyewe wanaliita Kamati, maana hakuna harusi wala msiba mjini uliopita bila kamati yake kuundwa kwenye benchi hilo. Alasiri ile ya Ijumaa Yasini alikaa ukingoni, kikombe cha kahawa mkononi, macho kwenye maboksi matatu yaliyoshushwa muda huo huo kutoka basi la Dar. Kazi yake ni kupiga video za harusi, na kompyuta yake ilikuwa imekufa na harusi ya Nishrin mkononi. Mama wa bibi harusi, Jamilabai wa duka la vitambaa, siku ya harusi alikuwa kalazwa hospitali. Aliporudi nyumbani, binti alishasafiri na mumewe ng'ambo. Picha zilikuwa salama kwenye diski, ila nzito mno, kila simu iliyojaribiwa ilikwama. Yasini akamwahidi: “Njoo Ijumaa baada ya alasiri, mama, utamwona mwanao.” Kompyuta mpya ya dukani ilimshinda bei. Ndipo Kamati ikaamua kuiunda yenyewe, kwa mchango, kama inavyoundwa harusi. Yasini alikuwa na diski, kadi ya picha na pawa saplai ya kuleta umeme. Wenzake watatu wangeleta kifaa kimoja kimoja. Kila mmoja ana ndugu yake Kariakoo, na hakuna anayemwamini ndugu wa mwenzake, kwa hiyo kila mmoja aliagiza kivyake.

— Barafu, fungua wewe kwanza, alisema Ibrahimu, ambaye wote humwita Mwenyekiti.

Sipriani, muuza barafu wa feri, akachana boksi lake. Likatoka kasha jeusi, ubavu mmoja wa kioo, feni tatu zenye taa.

— Nyumba ya kompyuta hiyo, wazee! Niliambiwa kasha, nimeleta kasha.

— Safi sana! alisema Yasini. Leonadi, sasa lete mazabodi, lile bao la kupachikia kila kitu.

Leonadi wa bodaboda alikohoa. Akachana boksi lake taratibu, kama anayefungua kidonda.

Likatoka kasha. Jeupe. La kioo.

Kikombe cha Yasini kilimteleza, kahawa ikamwagika mguuni, wala hakuisikia ilivyomuunguza.

— Oya, Leonadi, hii nini?

— Dogo, subiri nikueleze. Shemeji alinitumia picha ya hilo bao lako. Liko uchi! Kijani, limejaa miiba na vitobo. Nikasema hiki ni kitu kilichong'olewa kwenye redio mbovu, wanataka kutupiga. Kwa hela ile ile nikapata hili. Ona taa! Zinabadilika rangi saba.

— Lakini tunalo kasha tayari!

— Nilijuaje kama Barafu ataleta la maana? Mimi Barafu namjua.

— Unanijua nini wewe? Sipriani aliruka. Na kofia yako ya kukodi!

— Tulieni, alisema Ibrahimu, lakini yeye mwenyewe alikuwa amekalia boksi lake, wala haonyeshi dalili ya kunyanyuka.

Yasini alilitazama lile boksi. Mwenyekiti alipewa kuagiza prosesa, ubongo wenyewe wa kompyuta, kitu cha kutosha kwenye kiganja. Boksi lilimfika mwenyekiti magotini. Moyo ukamwambia, akaukatalia. Ukamwambia tena.

— Mwenyekiti. Nyanyuka, mzee wangu.

— Yasini, mimi nimesimamia harusi ngapi mji huu?

— Nyingi.

— Umewahi kuona mwenyekiti anatoa zawadi ya ukubwa wa biskuti? Mpwa wangu kaiweka hiyo prosesa kiganjani mwake, kanitumia picha. Biskuti! Tena ya chai! Nikamuuliza, hela yote ile? Ananijibu ndiyo. Watu wataona nini? Watasema Ibrahimu kaja mikono mitupu.

— Astaghafirullah, alinong'ona Sipriani, akiwa tayari ameshachungulia ndani ya boksi. Na lake kasha la kioo!

Makasha matatu yalisimama vumbini, yanang'aa, matupu kama matenga kabla ya soko.

— Si mbaya, alianza Leonadi. Mbona pikipiki ikizima injini inashuka kilima vizuri tu? Ubongo ni wa kupandia. Sisi tunataka kuangalia harusi, hatupandi.

— Kweli, alidakia Sipriani. Prosesa inaleta joto. Wanaweka feni kwa ajili yake. Bila prosesa hakuna joto, tumeokoa feni tatu.

— Tisa, alisema Leonadi.

— Na simu yangu ina prosesa, alisema Ibrahimu, nuru ikimrudia usoni. Tunaifunga humo ndani kwa kamba.

— Tunazifunga simu zetu zote nne! alisema Sipriani. Bongo nne, nani atatushinda? Hata Dar hawana!

Yasini alitaka kucheka. Akainua macho. Jamilabai alikuwa anavuka barabara, polepole, mkono mmoja ukishika ukingo wa ridaa, vazi lake la kujifunika, mwingine umebeba sahani ya halua iliyofunikwa.

— Mungu wangu. Huyo anakuja.

— Washa kitu! alisema Leonadi. Chochote!

Akaikamata pawa saplai ya Yasini, akavuta umeme wa kinyozi, akagusanisha nyaya mbili kwa kipande cha waya, kama anavyowasha pikipiki iliyopotea ufunguo. Kasha jeupe likawaka. Jekundu, samawati, kijani, feni zikazunguka kwa mvumo laini.

— Shikamoo, mama, alisema Yasini.

— Marahaba, baba. Nimeleta halua tule tukiangalia. Ndiyo hii? Mashallah, nzuri!

Ibrahimu akampisha. Mama akakaa kwenye benchi, akaiweka sahani pajani, akavaa miwani yake. Akajisogeza hadi pua ikakaribia kioo. Rangi saba zikampita usoni, moja baada ya nyingine. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akafuta kioo kwa pembe ya ridaa.

Kisha akamgeukia Yasini, bado anatabasamu.

— Mbona simwoni?