Sentensi Isiyosemwa Mazoezini

Mheshimiwa Meya wa Harrowbeck, Bibi Mwenyekiti wa Bodi, waigizaji wa jana na wa leo, mafundi wa taa na wa mbao, ndugu wageni waalikwa, na wewe Wilfred Oldroyd unayejificha nyuma ya keki:

Leo ni Ijumaa, tarehe 21 Juni 2019. Asubuhi kulikuwa na manyunyu, kisha jua. Nimeandika hivyo katika shajara yangu, kama nilivyofanya kila siku tangu niajiriwe katika ukumbi huu. Nadhani ndiyo sababu nimeteuliwa kusema, kwa kuwa wenzangu wana hadithi nzuri zaidi lakini hawana tarehe.

Wengine watamsifu Wilfred, anayestaafu leo, kwa filamu zake tisa na michezo sitini na minne aliyoiongoza hapa. Mimi nausifu ukaidi wake. Tuliofanya kazi naye tunaijua ile desturi ya wazee wa jukwaa, kwamba sentensi ya mwisho ya mchezo haitamkwi mazoezini, kwa sababu mchezo haujakamilika mpaka watu waje. Wengi wameiacha. Yeye aliibeba hata kwenye filamu. Ratiba ilipotaka tukio la mwisho lipigwe siku ya kwanza, alimwambia mwigizaji aseme yote ila sentensi moja, na wiki sita baadaye tukarudi ufukoni palepale, kwenye baridi ileile, kuchukua maneno matatu. Je, kuna aliyethubutu kumbishia? Mimi nilithubutu. Aliniambia, "Maureen, kunywa chai yako."

Niruhusuni nifungue shajara. Jumanne, tarehe 6 Oktoba 1981, asubuhi ukungu mzito. Nilikuwa na wiki mbili tu kazini, bado katika majaribio. Kazi yangu ilikuwa kukaa gizani pembeni ya jukwaa na kitabu cha mchezo, nimnong'oneze mwigizaji akisahau. Lilikuwa onyesho la kwanza. Beryl Haigh, yule pale mwenye kofia ya kijani, alicheza mjane kwa saa mbili bila kukosea neno. Ikabaki sentensi moja: mwanawe anataka kuzima taa, naye anamjibu. Beryl akafungua kinywa, kisitoke kitu. Kinywa hicho hakikuwahi kuisema.

Nikanong'ona. Woga ukaifikisha sauti yangu safu ya nyuma kabisa: "Acha taa, nitaizima mimi."

Beryl akageuka taratibu kuelekea gizani nilikokaa, akatabasamu. Pazia likashuka. Watu wakasimama kushangilia, wakidhani wameisikia sauti ya moyo wa yule mjane.

Mwenyekiti wa bodi wa siku zile, apumzike pema, hakudanganyika. Alikuja nyuma ya jukwaa akiwa mwekundu.

"Oldroyd, huyu binti kesho asionekane hapa."

"Asipoonekana, mchezo ataumaliza nani?"

"Si Beryl? Si ndiye mwigizaji?"

"Mie?" akasema Beryl, akivua wigi. "Mie sentensi ile siijui, wala sitaki kujuana nayo."

Shajara inamalizia hivi: "Nimelala saa tisa kasoro robo. Bado nina kazi."

Niliumaliza mchezo ule usiku arobaini na moja mfululizo. Gazeti likamsifu Wilfred kwa ubunifu wa hali ya juu. Ni wakubwa wangapi hurudisha sifa zikishafika mlangoni? Alimwandikia mhariri: "Sauti ile ni ya Maureen Sugden. Mimi wakati huo nilikuwa nje, nakula samaki na chipsi."

Jana alikuwa anakusanya vikombe vyake. Kwa miaka yote hii, yeye ndiye hutoka wa mwisho humu, na taa ya jukwaani huizima kwa mkono wake. Akaniuliza, "Nikishaondoka, Maureen, hapa patakuwaje?" Sikumjibu. Nilikuwa na sababu.

Hotuba hii nimeifanyia mazoezi mara saba jikoni, mbele ya birika na paka, na sentensi ya mwisho sijaitamka hata mara moja. Nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio, na kwa kuja, maana bila ninyi isingekamilika. Wilfred, chukua koti lako, chipsi zinapoa.

Acha taa, nitaizima mimi.