Mwalimu Yonis na Wazee Arobaini Walioandikwa Wazima

Assalaamu alaikum wazee wetu, akina mama, walimu na majirani. Mimi ni Muse Guleid, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake.

Yonis Guleid Dagane alizaliwa Galbet, mjini Garissa, tarehe 3 Mei 1956, mtoto wa kwanza wa marehemu Guleid Dagane, mfanyabiashara wa mifugo, na mama yetu Istahil. Alianza shule hapa mjini mwaka 1964, akamaliza sekondari 1975, akahitimu ualimu 1978, akafundisha Dadaab na kisha Garissa hadi mwisho wake. Tarehe 14 Agosti 1982 alimwoa Sahara, wakajaliwa watoto wanne.

Machi 1996 alichaguliwa kwenye mafunzo ya watafiti wa mawasiliano na afya ya uzeeni, ambako walimu, wauguzi na mtangazaji mmoja wa redio walifundishwa pamoja, mwalimu ajue kupima, muuguzi ajue kuuliza. Yeye na muuguzi Jawahir waliwahoji wazee arobaini wa Galbet na kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, ili ijulikane nani apelekwe kupimwa masikio na macho. Maswali yalianza na kwenda kama maamkizi, wote wakayajibu sawasawa, wakaandikwa wazima. Fomu ya kwanza ilikuwa ya mama yetu.

Novemba mwaka huo Yonis alimpelekea mama habari kwamba dada yake Maka amefariki, naye akajibu, "Alhamdulillah, sisi wazima, na watoto hawajambo?" Ndipo tulipojua kwamba hasikii, tangu lini hatujui hadi leo, kwa kuwa maamkizi yetu hufuata mpangilio ule ule, na aliyeyajibu miaka sitini huweza kuyajibu kwa kutazama uso tu.

Yonis aliiambia kamati ya utafiti kwamba fomu zote arobaini hazifai, akaambiwa muda umekwisha, akaomba azirudie mwenyewe siku za mapumziko. Alikunywa chai na kila mzee, akamwuliza jambo asilolitarajia, akiwa amesimama nyuma yake, nao wakamtania, "Mwalimu, uliuliza, tukajibu, umesahau? Basi mgonjwa ni wewe." Alirudia ishirini na sita, na kumi na mmoja kati yao hawakuwa wakisikia. Kumi na wanne waliobaki wako Dagahaley, na mvua za mwisho wa 1997 zilikata barabara.

Alishikwa na homa tarehe 2 Januari 1998, akalazwa tarehe 5, akafariki Ijumaa tarehe 9, akazikwa siku hiyo hiyo. Kamati imesema kwamba wale kumi na wanne watabaki wameandikwa wazima ikiwa hawatafikiwa kabla ya Machi. Jawahir amesema atakwenda.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliombeba kuvuka maji, na walimu wenzake waliochimba kaburi wakiwa wamefunga.

Mama yuko nyuma ya pazia hili. Alimwona mwanawe kabla ya kuzikwa, na tangu hapo kila anayempa pole humjibu alhamdulillah, nasi hatujui lini anajibu na lini ni mazoea. Haya niliyosoma hajayasikia, kwa hiyo nikimaliza nitakwenda kukaa mbele yake, nianze upya, polepole.

Yonis, Mola akurehemu, upumzike kwa amani, kazi yako haijafungwa.